Kidole cha Shahada

Kidole kinachofuata gumba kina jina ambalo sisi Waswahili hulitaja kila siku pasi na kulitia maanani: kidole cha shahada. Kiliitwa hivyo kwa kuwa ndicho kinachoinuliwa katika tahiyatu, wakati mwenye kusali anapokiri upweke wa Mola wake. Na ndicho hicho, kwa sadfa ambayo haikukusudiwa na aliyekipa jina wala na aliyeiunda mashine, ambacho binti wa ndugu yangu alikinyoosha usiku mmoja katika msana wa nyumba ya bibi yake, mtaa wa Mkomani, Amu, akataka kukigusisha kwenye kioo cha kompyuta mpya mahali palipoandikwa kwamba amesoma na amekubali.

Mashine hiyo ilinunuliwa Mombasa kwa mchango wa jamaa, kwa sababu mtoto alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu; ikasafiri kwa basi hadi Mokowe, ikavuka maji kwa mashua imefunikwa turubali kama mgonjwa, ikafika nyumbani ikiwa na chumvi ya bahari juu ya kisanduku, lakini ndani i kavu. Wataalamu wa lugha wameiita kipakatalishi, na japokuwa nimewahi kuzicheka istilahi nyingi za jamii hii, hii siicheki, kwa maana aliyeitunga alikumbuka kitenzi kupakata, nacho ni kitenzi cha mama na mwanawe. Na yule binti, alipoitoa katika mfuko wake wa nailoni, aliiweka mapajani kabla ya kuiweka mezani. Bibi yake akasema Bismillahi kwa sauti, naye akafuatiza. Kitufe kikabonyezwa, mashine isitikisike. Tukadhani tumeuziwa maiti. Kumbe betri za namna hii mara nyingi hulazwa usingizi huko huko kiwandani ili zisijile njiani, wala haziamki mpaka zionje umeme wa ukutani. Tulipoichomeka plagi yake ya meno matatu, ikawaka taa ndogo ubavuni, na baada ya kitambo kioo kikapata nuru.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Uko nchi gani, wataka lugha gani, herufi zako zapangwaje, mtandao wako ni upi. Yote hayo binti aliyajibu upesi kama mtu ajibuye maamkuzi. Kisha ukaja ukurasa mrefu wa Kiingereza, wa herufi ndogo kuliko zote zilizotangulia, na chini yake kitufe kikubwa cha buluu. Nikamwuliza, “Umesoma, mwanangu?” Akaniangalia kwa huruma. “Ami, hapana mtu asomao haya.”

Na kweli hapana. Lakini mtu aliyetoka kutaja jina la Mungu juu ya chombo cha elimu, kisha tendo lake la kwanza kwa chombo hicho likawa ni kushuhudia kwamba amefanya jambo ambalo hakulifanya, amesema uwongo au hakusema? Na ikiwa amesema, dhambi yake i juu ya nani? Usiku ule nililiona swali dogo. Siku zilivyozidi kwenda lilizidi kukua.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya, mlango wa maafa ya ulimi, amegusa jambo lililo karibu sana na hili. Anamtoa lawamani mtu asemaye kwamba amekuita mara mia ilhali hakuzihesabu wala hazikufika, kwa maana msikiaji ajua kuwa kilichokusudiwa ni wingi. Walakin hamtoi lawamani mtu akaribishwaye chakula naye ana njaa, akasema hana hamu. Sisi watu wa Amu hukumu hii ya pili yatuchoma, kwa kuwa hapana adabu tuliyoizoea zaidi ya hiyo: mtu hupita barazani, sinia i wazi, wali wa nazi watoa mvuke, akakaribishwa, naye hajala tangu asubuhi, akaweka mkono kifuani akasema, “Nimeshiba, alhamdulillahi.” Mwenye sinia ajua kuwa hakushiba, na mpitaji ajua kuwa yule ajua. Na kwa hukumu ya Ghazali huo ni uwongo, maadam hapana haja sahihi iliyoulazimisha. Jambo kuzoeleka na kudharauliwa hakuligeuzi jina.

Basi hoja ya binti, kwamba hata kampuni yenyewe yajua kuwa hapana asomaye, haimwokoi. Kubonyeza pale hakufanani na kusema mara mia. Kunafanana na kusema nimeshiba. Tafauti ni kwamba mwenye sinia hakuliandika jibu la mgeni kabla hajafika, akalibandika mlangoni, akaweka sharti kwamba asiyelitamka haingii. Naona hapo ndipo uzito wa dhambi unapohama, japokuwa hauhami wote.

Fikihi ya Kishafi, ambayo ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii, huidai akdi matamko mawili, ijabu na kabuli, la mwenye kutoa na la mwenye kupokea. Na wakubwa wa madhehebu walikuwa wagumu katika hili, hata wakaikataa, kwa kauli iliyo mashuhuri, bei ya watu kupeana kitu na thamani bila ya kusema neno, ingawa Imam Nawawi, ambaye Minhaji yake imesomeshwa huku kwetu vizazi kwa vizazi, mwenyewe alichagua rai iliyo nyepesi. Kwa hiyo mtu hawezi kuilaumu mashine kwa kutaka neno la kukubali. Kwa kulitaka imekuwa Mshafi kuliko wauza samaki wetu, ambao hukutilia fungu la changu kikapuni pasi na kufumbua kinywa. Ila madhehebu hayo hayo humpa kila mmoja wa wauzianao khiyari ya majlisi: maadam hawajaachana kwa miili yao, kila mmoja aweza kuivunja bei. Sasa binti yuko Mkomani, na mwenzake katika akdi hana mwili, hana kiti, hana mtaa. Majlisi yao iko wapi, na wataachana lini? Mkataba wenyewe una jibu lake, kwamba asiyeridhia asitumie, na aulize alikonunua namna ya kurejesha. Kurejesha ni mashua tena, na basi la kutwa, na muuzaji wa Mombasa atakayesema kuwa kisanduku kimeshafunguliwa, ilhali mkataba ulikuwa ndani.

Fundisho lililonishughulisha zaidi, walakin, liko katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo, kwa mshangao wa wengi, maudhui yake ni kuandikiana deni: ni aya ya 282 ya Sura ya Bakara. Imeamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, deni likiwa dogo au kubwa. Na katikati ya hayo imeweka jambo ambalo nililisoma miaka mingi nisilione, kwamba mwenye kumtamkia mwandishi maneno ya hati awe ni yule ambaye haki i juu yake. Mwenye mali, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti, hapo amenyamazishwa, akatakiwa mdaiwa aseme. Anayefungwa ndiye anayeisuka kamba, asije akafungwa kwa fundo asilolijua. Na ikiwa mdaiwa huyo ni mpungufu wa akili, au ni dhaifu, au hawezi kutamka, basi walii wake atamke kwa niaba yake, naye kwa uadilifu.

Ukiupima ukurasa wa mashine kwa mizani hiyo utaona kila kitu kimepinduliwa: mwenye nguvu ametamka, mwenye nguvu ameandika, mwenye nguvu amejiwekea haki ya kuyabadilisha aliyoyaandika, na dhaifu ameachiwa kidole. Walii hayupo.

Neno hili la walii ndilo linalonizuia kukubaliana na wale wanaosema kwamba ridhaa ni ridhaa tu, na mtu mzima akishaitoa basi imetoka. Katika nikahi sheria yetu imekubali ridhaa iliyo hafifu hata kuliko kubonyeza: mwanamwali anapotakwa idhini, kimya chake kinatosha. Mtu wa mbali akisikia hayo husema tumemdhulumu. Lakini kimya hicho hakikuachwa hewani peke yake; walii ameingia ndani kutaka idhini, na mama na mashangazi wako ubavuni pake wakimtazama uso, nao wajua kimya chake cha haya na kimya chake cha uchungu, maana wamemlea, na ole wake walii atakayevichanganya viwili hivyo kwa tamaa ya mahari. Wapo waliovichanganya, sikatai. Kisha bwana arusi, mbele ya watu, naye hulitamka la kwake, kwamba amekubali kwa mahari yaliyotajwa. Neno lile lile la kitufe cha buluu, ila hapa limezungukwa na watu wanaojua linagharimu nini na watakaomkumbusha mwakani akilisahau. Nadhani ridhaa hukaa baina ya watu, na neno ni alama yake. Ukiwaondoa watu ukabaki na alama, sijui umebaki na nini.

Mji huu umewahi kuulizwa swali hilo katika jambo la umeme, ule ule tuliouchomekea plagi. Palipotakiwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara, mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, leseni ya mazingira ilitolewa mwaka 2016, na ripoti ya athari zake ilikuwapo, nene, ya kitaalamu, ya Kiingereza. Watu wa Amu, kwa jumuiya ya Save Lamu na wenzao, wakaipeleka kesi mbele ya mahakama maalumu ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikatenguliwa. Na miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ugomvi wa makaa siurudii hapa, maana umewagawanya ndugu wa tumbo moja. Nakumbuka tu kwamba hukumu ile haikuhitaji kuthibitisha kuwa watu wote wamekataa. Ilitosha kwamba hawakuulizwa vilivyo.

Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Kenya ikapata Sheria ya Kulinda Data, nayo hutaka ridhaa ya mtu iwe wazi, ya hiari, ya jambo mahsusi, na itokane na kuarifiwa. Ni sheria njema. Ila kuarifiwa, kwa desturi ya wenye mashine, ni kuwekewa ukurasa. Na kwa mantiki hiyo samaki naye huarifiwa, kwa kuwa chambo kimewekwa mbele ya macho yake.

Turudi msanani. Nilimwambia binti tusome. Alidhani natania. Tukasoma, yeye akifasiri, mimi nikiuliza, bibi yake akichagua mchele katika ungo na kusikiliza. Tuliyoyakuta mwanzo ni kwamba mashine imeuzwa, lakini programu iliyomo haikuuzwa. Mtu amepewa ruhusa ya kuitumia, na mwenyewe ni mwengine. Nilitaraji bibi astaajabu. Hakustaajabu. “Ni nyumba yako juu ya kiwanja cha mtu,” akasema, jambo ambalo watu wa pwani hatuhitaji kufasiriwa, akaendelea kutoa chuya. Hatujafika nusu umeme ukakatika mtaa mzima. Mashine haikuzimika, kwa kuwa ilikuwa imeshakunywa kidogo. Mchele ukawekwa kando, na nyuso zetu tatu zikabaki zikionekana kwa mwanga wa mkataba.

Alama ya betri ilipogeuka nyekundu binti akauliza, “Ami, nibonyeze au nisibonyeze?” Masomo yalikuwa yanaanza Jumatatu. Sikuwa na fatwa, wala mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nilimwambia abonyeze, kwa kuwa mwenye dharura hahukumiwi kama mwenye nafasi, lakini kwanza tuuandikie ushuhuda ule masahihisho. Waandishi wa zamani wa nakala za mkono, za namna ya zile za Msikiti wa Riyadha zilizopigwa picha kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza, walikuwa na ada, kitabu kikimalizika, ya kuandika jina na tarehe na kuomba radhi kwa makosa ya kalamu. Binti akachukua daftari, akaandika tarehe ya Kiislamu na ya Kizungu, akaandika kwamba anakubali kwa kuhitaji, kwamba amesoma mpaka kifungu cha saba, na kwamba yaliyobaki hakuyasoma.

Nikatia sahihi. Bibi yake akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kutoka kulia. Kisha akahesabu kwa vidole, akasema mashahidi hawajatimia: mwanamume ni mmoja na mwanamke ni mmoja, na kwa aya ile ile amepungua mwanamke. Akaenda kumwamsha mama wa binti, ambaye alikuja amejifunga leso kifuani, akauliza ni msiba wa nani, akasomewa hati, akaitazama kwa muda, akatia sahihi, akarudi kulala. Ndipo kidole kikashuka. Kioo kikaandika kwamba mashine inajitayarisha, na isizimwe. Betri ilikuwa imebaki asilimia 4, na mtaa bado u giza.