Vijiti Vimejaa, Ukurasa Haufunguki



Leo tuongee waifai. Huku Gongo la Mboto jioni watu huhamia uani. Ndani joto, basi mazoezi ya kwaya, stori, hata masomo, yote yapo chini ya mwembe. Ila ruta iko sebuleni, na katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji na mlango wa chuma. Mawimbi yanachoka njiani. (Yale ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta unayamaliza haraka, ya 2.4 yanafika mbali zaidi, ila taratibu.)

Dawa ya wengi ni ripita, kale kadude kanakopokea waifai na kuirusha tena. Na wengi wanaipeleka moja kwa moja mwembeni, kwa kuwa ndiko netiweki inakotakiwa. Hapo ndipo maajabu yanapotokea: simu inaonyesha vijiti vyote vimejaa, lakini ukurasa haufunguki. Kiduara kinazunguka tu! Vijiti vile vinakuambia simu inaisikia ripita vizuri. Havikuambii kama ripita yenyewe bado inaisikia ruta.

Kwenye falsafa tunafundishwa kwamba hakuna atoaye asichokuwa nacho. Mimi nilikaa darasani miaka kuisoma hoja hiyo. Fundi wa waifai anakueleza kwa dakika mbili.

Sasa tujiangalie. Rozari shingoni, mstari wa Biblia kwenye status kila asubuhi, fulana ya VIWAWA. Vijiti vimejaa. Halafu anakuja rafiki mwenye mzigo wa kweli. Kuna kijana wa bodaboda aliniuliza pale kijiweni: kama Mungu anasikia, mbona mama yake aliomba miaka yote na akafa kwa maumivu? Swali kama hilo halifunguki kwa status. Anayeulizwa anahitaji kuwa amekaa mbele ya Msalaba na swali lake mwenyewe, tena zaidi ya mara moja.

Soma Mk 3:14. Yesu anawachagua Kumi na Wawili ili wawe pamoja naye, na ili awatume. Mambo mawili, sentensi moja. Paulo naye, akiwaandikia Wakorinto juu ya Ekaristi (1 Kor 11:23), anaanza kwa kusema alichowapa alikipokea kwa Bwana. Hajatunga kitu.

Lakini wapo pia wanaoibandika ripita ubavuni mwa ruta. Netiweki safi kabisa, sebuleni! Hawa hawakosi Misa, hawakosi novena, ila kijiweni hawajawahi kukanyaga, na wakipita wanapita haraka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye hakuna wa kumsingizia kwamba hakupenda kusali, alifundisha kwamba kuwapa wengine tuliyoyatafakari ni kukubwa kuliko kutafakari tu. Taa iangaze.

Fundi mzuri huiweka ripita katikati, mara nyingi kwenye dirisha linalotazama uani: bado inaisikia ruta, na mwembe inauona. Akiwa na nafasi anavuta waya kabisa kutoka kwenye ruta, maana ripita ya kawaida inapokea na kutuma kwa mawimbi yaleyale, hivyo kasi inapungua. Waya haujali ukuta. Kwangu mimi waya huo ni Ekaristi na Kitubio: uwe na hisia tamu au uwe mkavu kama bati la kiangazi, neema inatolewa kweli.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kurusha mstari wowote, kaa nao kwanza robo saa, simu ikiwa mbali. Kama unapanda daladala alfajiri kwenda mjini, foleni ya Barabara ya Nyerere inakutosha na chenji inabaki.

Yule kijana wa bodaboda bado sijamjibu lolote la maana. Tumekubaliana Jumamosi jioni, palepale kijiweni. Mwombeeni mama yake.