Tawakkul haizibi nyufa za nyumba

Ndugu Waislamu, kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti, wakati sisi wa Dar es Salaam na Tanga mjini tunaufurahia upepo wa kipupwe, wenzetu wa milimani Lushoto wanatetemeka. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na viko vijiji vilivyo juu zaidi. Ukungu unatanda, kuni zinalowa, wazee wanajikunyata jikoni.

Wengi tuna wazazi huko, au Njombe, au Makete. Lakini ukimuuliza mtu amewaandalia nini kwa ajili ya baridi, jawabu ni jepesi: "Mwenyezi Mungu atawalinda." Hebu tujiulize, hiyo ni tawakkul au ni uvivu uliovishwa kanzu?

Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mtu kuhusu ngamia wake: amfunge kisha ategemee, au amwache tu na ategemee? Akaelekezwa amfunge kwanza. Na katika Surat An-Nahl, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anaitaja joto tunayoipata kwa wanyama kuwa ni miongoni mwa neema Zake. Neema ya namna hiyo haimfikii aliyekaa tu. Ni lazima sufi ikatwe, isokotwe, ivaliwe.

Masahaba walilielewa hili. Ibn Rajab, mwanachuoni aliyefariki mwaka 795 Hijria, amenukuu kuwa Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa akiwaandikia watu wa Sham majira ya baridi yanapowadia. Aliwaonya kuwa baridi ni adui, akawahimiza wajiandae kwa nguo za sufi, khufu na soksi. Je, nani kati yetu atadai kuwa tawakkul yake inaizidi ya Umar?

Wapo wanaosema kuwa babu zetu waliishi hivyo hivyo, kwa hiyo wazee wasubiri. Kwa hakika subira ni jambo kubwa. Lakini subira ni kwa lile usiloweza kuliondoa. Kumhimiza mzee asubiri baridi inayoingia kwenye ufa ambao mwanawe angeuziba kwa debe moja la udongo, hiyo si nasaha. Ni kumtwisha mzigo wetu. Surat Al-Israa, aya ya 23, inapohimiza wema kwa wazazi inautaja uzee waziwazi, na uzee ndio wakati mwili hauhimili tena baridi.

Tena baridi ikimkuta mtu hajajiandaa, humsukuma kwenye hatari nyingine. Huingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga mlango na dirisha, akalala. Mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala anaweza asiamke. Mtume (s.a.w.) alikwisha kukataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Yakitokea maafa tunasema siku yake ilifika. Ni kweli, kila nafsi ina muda wake. Lakini qadar haifuti swali tutakaloulizwa: ulikuwa na uwezo, ulifanya nini?

Wala kazi yenyewe si ya matajiri. Kuni zikatwe na kuwekwa uchagani mapema, kabla masika hayajaanza mwezi Machi, maana za Juni zitatoa moshi tu. Nyumba ikandikwe, ila tundu la kutolea moshi jikoni lisizibwe. Blanketi, sweta na soksi zipelekwe Mei, zisingoje Agosti. Maji ya udhu ya alfajiri yapashwe moto. Asiye na fedha ana mikono: aende wikiendi moja akakandike ukuta.

Tuna desturi ya kuchanga haraka mzee anapofariki. Sanda tunanunua, gari tunakodi, pilau la khitma tunapika. Sivyo vibaya. Lakini maiti haisikii baridi. Anayeisikia ni aliye hai leo, na yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya michango yetu.

Wabillahi tawfiq.