Walishiba Nardoo, Wakafa kwa Njaa

Mwezi Mei 1861, kando ya kijito cha Cooper katikati ya Australia, wanaume watatu waliochoka walishangilia kuona vijimbegu vigumu vimetapakaa ardhini. Wenyeji wa pale, watu wa Yandruwandha, walikuwa wamewahi kuwaonjesha mkate wake, ila wanaume hao hawakujua unatokana na mmea gani. Sasa wameujua. Wakaamini njaa imekwisha.

Mkuu wao alikuwa Robert O'Hara Burke, afisa wa polisi. Agosti 1860 aliondoka Melbourne na msafara wa ngamia na shehena nzito kupita kiasi, ukiagwa na maelfu ya watu, ili avuke bara lote kutoka kusini hadi kaskazini. Yeye, William John Wills, John King na Charles Gray walifika karibu na Ghuba ya Carpentaria Februari 1861. Njiani kurudi Gray akafa. Jioni ya tarehe 21 Aprili watatu waliosalia waliingia kambini kwao Cooper wakakuta patupu. Wenzao waliowasubiri kwa zaidi ya miezi 4 walikuwa wameondoka asubuhi ya siku ile ile.

Wasimulizi wengi huishia hapo, wakizililia zile saa chache. Mimi naona funzo kubwa limo katika yaliyofuata.

Nardoo ni mmea wa jamii ya kangaga, huota penye maji ya mafuriko, na vijimbegu vyake hubaki ardhini hata maji yakikauka. Burke na wenzake waliokota mawe ya kusagia katika vibanda vilivyoachwa na wenyeji, wakaponda, wakasaga, wakapika uji na mikate. Walikula kwa wingi, na siku nyingine hawakuwa na kingine cha kutia mdomoni. Wills aliandika katika shajara yake kwamba hamu ya kula anayo, lakini chakula hakimpi nguvu na miguu inamlegea. Mwishoni mwa Juni mapigo ya moyo wake yalikuwa 48 tu kwa dakika, mikono na miguu imebaki ngozi na mifupa.

Zaidi ya karne moja ilipita kabla jambo hili halijaelezwa vizuri. Mwaka 1994 watafiti John Earl na Barry McCleary waliandika katika jarida la Nature kwamba nardoo ina kimeng'enya kiitwacho thiaminasi, kinachoharibu vitamini B1. Anayekosa vitamini hiyo hupatwa na beriberi: miguu inakufa nguvu, moyo unadhoofika, na tumbo lililojaa halimsaidii kitu. Wayandruwandha waliila nardoo miaka na miaka bila kudhurika kwa sababu waliisaga huku wakiimwagia maji mengi, wakainywa kama uji mwepesi kwa kombe la kome, tena pamoja na samaki na vyakula vingine. Wageni walichukua mawe ya kusagia wakayaacha maji.

Na walimu hawakuwa mbali. Wenyeji waliwaletea samaki na mikate bila kuombwa. Siku moja mmoja wao alipochukua kipande cha turubai, Burke alifyatua bastola juu ya kichwa chake, na urafiki ukaingia ufa. Ujinga wa kutojua mmea wa kigeni nausamehe. Risasi ile siisamehe. Wills naye alikuwa mpimaji hodari, mtu wa dira na kipimajoto, na macho ya kuchunguza alikuwa nayo. Alichokosa ni kukaa kitako karibu na mwanamke anayesaga, akatazama tangu mwanzo hadi mwisho.

Burke na Wills walikufa wakipishana kwa siku chache. King, akiwa peke yake, aliwafuata Wayandruwandha. Akawapigia kunguru kwa bunduki, akamtibu mwanamke mmoja kidonda cha mkono, nao wakamlisha na kumpa pa kulala. Tarehe 15 Septemba 1861 waokoaji walioongozwa na Alfred Howitt walimkuta hai katikati yao.

Hapa kwetu tusiwacheke. Mhogo mchungu una sumu ya sianidi, na bibi zetu waliijua dawa yake: kuuloweka siku kadhaa, kuuvundika, kuuanika. Bandundu, nchini Kongo, barabara ilipofungua soko la Kinshasa, baadhi ya watu walifupisha siku 3 za kuloweka zikawa moja ili wauze upesi. Konzo, ugonjwa unaotokana na sumu hiyo, ikapoozesha miguu ya watoto na wanawake, ambao mlo wao ulikuwa na maharage na samaki kidogo mno. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa na ugonjwa huo huo Nampula, Msumbiji, na baadaye katika miaka hiyo ya 1980 ukafika Tarime, Tanzania. Aliyepoozeshwa na konzo haponi.

Kuna chakula kingine kinachotaka kuoshwa kwanza: siku hizi wako watu wa mijini huko Marekani wanaookota mbegu za mwaloni wafanye mikate na kinywaji mfano wa kahawa. Wanawake wenyeji wa California huuosha unga wake kwa maji mara nyingi hadi uchungu wa tanini uishe. Anayefupisha kazi hiyo, ulimi humwonya mapema. Nardoo haikuwaonya wale watatu. Waliila kwa hamu.

Nawe ukiletewa makopa kutoka shamba, kabla hujainjika chungu mpigie simu aliyekutumia. Muulize mhogo wake ulikuwa mtamu au mchungu, na kama ulikuwa mchungu, ulilowekwa siku ngapi.