Jina la Apolo



Wazazi waletao watoto kubatizwa huuliza kama jina la Apolo lamfaa Mkristo, maana wamesikia kuwa latokana na sanamu. Ni kweli. Ni jina la Kiyunani, kifupi cha Apolonio, yaani mtu wa Apollo, na huyo Apollo alikuwa mmoja wa miungu ya Wayunani.

Lakini sisi tukaao Ufipa tusiwe wepesi kulihukumu jina. Sumbawanga husemwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Je, umetupwa wote? Twaijua hofu iliyobaki majumbani mwetu, hata kwa waliobatizwa. Ikiwa jina jema halikuutakasa mji, jina la sanamu halimtii mtu unajisi.

Tumtazame Apolo wa Matendo ya Mitume, sura ya 18. Alikuwa Myahudi wa Iskanderia, msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, ila aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mafundi wa mahema, walimsikia kule Efeso, wakamchukua kwao, wakamfundisha zaidi. Hatusomi kwamba alikasirika kufundishwa na mafundi, mmoja wao mwanamke. (Wahubiri wangapi wa leo wangekubali?) Naye Mtume Paulo alimhesabu mtenda kazi mwenziwe, wala hatusomi popote kwamba alimtaka abadili jina.

Uganda imekuwa na akina Apolo wakubwa. Apolo Kagwa alikuwa Katikiro wa Buganda tangu 1889 hadi 1926. Apollo Milton Obote, aliyekuwa Rais, aliishi uhamishoni hapa Tanzania. Hao tuwaachie wanahistoria. Kanisa letu lamkumbuka zaidi Apolo Kivebulaya, aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alikwenda Mboga, ambayo sasa iko Kongo. Chifu Tabaro aliamuru apigwe, kisha akafungwa kwa shutuma ya mauaji ambayo hakuyatenda. Alipofunguliwa alirudi kulekule. Tabaro akaamini, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Kivebulaya alifariki tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kwa watu ambao Injili ilikuwa haijawafikia.

Basi anayetaka jina hilo kwa mwanawe, tutaliandika katika kitabu cha ubatizo. Twaomba tu wadhamini wamsimulie mtoto habari za Apolo hao wawili kabla hajafika mbele ya Askofu kwa kipaimara.