Amina na Amana

Mhubiri akitaja baraka, tunajibu Amina. Akisema milango inafunguka, Amina mpaka mabati yanatetemeka. Akigusa madeni, kanisa linanyamaza kimya. Kwani tunaposema Amina huwa tunasema nini?

Neno hili ni la Kiebrania. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, lakini waandishi hawakulitafsiri, wakaliacha lilivyo. Ndiyo maana leo Mkristo wa lugha yoyote akilisikia analitambua. Shina lake ni uimara, kitu kisichoyumba. Katika Kutoka 17:12, Haruni na Huri walipoishikilia mikono ya Musa, ilisimama imara mpaka jua likazama. Neno la Kiebrania lililotumika pale, emuna, ni la shina hilo hilo.

Kiarabu ni ndugu ya Kiebrania, na shina hilo kinalo pia. Kutoka huko Kiswahili kilipata imani, amini, amani na amana. Amana! Sisi tuliosoma biashara tunalijua vizuri: ni mali ya mtu iliyowekwa mkononi mwa mwingine. Kumbe imani na amana ni watoto wa nyumba moja. Utasemaje unayo imani, na amana ya jirani umeikula?

Soma Nehemia 5. Wakati wa njaa, wakuu waliwakopesha ndugu zao kwa riba, wakachukua mashamba na nyumba zao. Nehemia akawaambia warudishe, pamoja na ile riba. Mkutano wote ukasema Amina, kisha wakafanya walivyoahidi. Amina ile iliwagharimu mashamba.

Mtu ataniambia, "Pasta, Amina ni ombi tu, maana yake na iwe hivyo." Ni kweli. Lakini kuna mambo ambayo kuwa kwake kuko mfukoni mwako. Pesa za chama zilizo kwako tangu mwaka jana. Mshahara wa dada wa kazi. Mkopo uliomwachia mdhamini wako akatwe yeye. Hayo usimsukumie Mungu, yeye ndiye anakungoja.

Wiki hii tafuta amana moja tu iliyo mkononi mwako, hata kama ni mia tano, uirudishe kwa mwenyewe. Ukishindwa kuimaliza, mpigie simu mpange siku ya kulipa. Kisha Jumapili njoo useme Amina. Mungu akubariki.