Mali ya Siri na Haki za Watu



Kolo, katika wilaya ya Kondoa, yajulikana duniani kwa michoro ya kale iliyomo katika miamba yake, ambayo mwaka 2006 UNESCO iliitia katika urithi wa dunia. Lakini apandaye kwenye mapango yale hukuta na jambo jingine, nalo ni mashimo. Kuna watu walioyachimba wakitafuta dhahabu ambayo uvumi wasema Wajerumani waliizika wakati wa Vita Vikuu vya kwanza, vilivyofika Kondoa mwaka 1916. Ikiwa dhahabu hiyo ilikuwako, basi aliyeizika hakuacha habari yake kwa mtu, na waliobaki hawana la kufanya ila kuharibu mwamba kwa majembe.

Leo imezuka mali nyingine ambayo huzikwa vile vile, bila ya shimo wala jembe, nayo ni bitkoini. Vijana wa vijijini wanayo katika simu zao kama walivyo nayo watu wa mijini. Na maswali yao juu yake ni ya kila siku: simu imeanguka majini, maneno ya siri yamesahauliwa, fedha imekwenda kwa mtu asiyekusudiwa, aliyewekewa amana hajibu. Katika maswali hayo moja ni zito kuliko yote, na aghalabu haliulizwi ila mwenye kuulizwa amekwisha kuzikwa: Je, yamjuzia mtu kuwa na mali ambayo hakuna aijuaye wala awezaye kuifikia ila yeye peke yake?

Kwanza yapasa kulifahamu jambo lenyewe. Bitkoini ilibuniwa na mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto. Maandishi ya kuieleza yalitolewa mwaka 2008, na kazi yake ikaanza Januari 2009. Hakuna sarafu ya kushikwa mkononi. Ni mfano wa daftari moja kubwa ambalo nakala zake zimo katika mashine nyingi duniani, na kila baada ya dakika kama 10 huongezwa ukurasa mpya. Na hesabu yake yote imewekewa mpaka wa milioni 21. Mwenye haki ndani ya daftari lile hatambuliwi kwa jina, wala kwa sura, wala kwa ukoo. Hutambuliwa kwa ufunguo wa siri, ambao kwa wepesi wa kuhifadhi hugeuzwa kuwa maneno 12 au 24 yenye taratibu yake. Aliye na maneno yale aweza kuitoa mali, hata akiwa ni mwizi. Asiye nayo, hata akija na hati ya kadhi na mashahidi arubaini, daftari halimsikii.

Wanazuoni wamekhitalifiana katika hukumu ya bitkoini yenyewe. Mufti wa Misri aliiharamisha mwanzoni mwa mwaka 2018. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza kuitumia kuwa ni fedha, Novemba 2021. Na huko Malaysia baraza la sheria la wasimamizi wa masoko ya mitaji liliruhusu biashara ya mali za namna hii mwaka 2020. Hapa Tanzania, Benki Kuu ilitoa tangazo la kuikataza tarehe 12 Novemba 2019, kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 katika kuhamisha mali za kidijitali. Mwenye kutaka kuingia na amwulize mwanachuoni wake, na aitazame sheria ya nchi, kabla ya kuingia. Maneno ya hapa ni juu ya yule aliyekwisha kuingia. Kwani hata aliyeambiwa kuwa amekosea hakuondokewa na haki za watu zilizo juu ya shingo yake.

Achukuliwe kwa mfano kijana wa Kolo auzaye alizeti. Akipeleka shilingi kwa simu na akakosea tarakimu moja, huipigia kampuni, na mara nyingi fedha hurudi. Akifa, jamaa zake huenda Mahakama ya Mwanzo, huwekwa msimamizi wa mirathi, na kampuni hutoa kilichomo. Kuna mtu wa kuuliza, na kuna mtu wa kuamrishwa. Katika bitkoini hakuna wa kupigiwa wala wa kuamrishwa. Mashine hukataa anwani iliyoandikwa kwa makosa, mara nyingi, lakini ikiwa anwani ni sahihi na ni ya mtu mwingine, fedha imekwenda, na hairudi ila kwa hiari ya aliyeipokea. Wako na wezi wenye programu za kubadilisha anwani pale mtu anapoinakili. Kwa hiyo ni lazima kuilinganisha herufi kwa herufi kabla ya kupeleka. Na aliyeletewa kisicho chake asiseme kuwa ni riziki iliyoshuka. Ni mali ya mtu mikononi mwake, na kutokuwapo kwa hakimu wa kumlazimisha hakuigeuzi kuwa halali.

Basi kijana huyu alinunua bitkoini kidogo kidogo kila baada ya mavuno. Mjomba wake akampa fedha amnunulie na yeye, na rafiki zake wawili vile vile, kwa kuwa wao hawakuijua kazi hiyo. Zote akaziweka chini ya ufunguo mmoja. Mkewe hakuambiwa. Siku moja akapanda bodaboda kwenda Kondoa, asirudi. Mjane angali katika siku za mwanzo za eda, akajiwa na mmoja wa wale rafiki, akasema kwa haya, "Shemeji, Mungu akupe subira. Marehemu alikuwa na amana yangu katika simu." Akajibu, "Shemeji, wallahi mimi sikuambiwa kitu." Na wote wawili ni wakweli.

Hapa ndipo hukumu ya zamani inapomfika mtu wa leo, wala haikuhitaji kuongezwa neno. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, kuusia ni sunna, lakini huwa ni wajibu juu ya mwenye haki za watu au za Mwenyezi Mungu zisizo na shahidi. Na imepokewa kwa Ibn Umar, radhi za Allah ziwe juu yao wote wawili, maana ya kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake umeandikwa na uko kwake. Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza, katika mlango wa amana, kuwa aliyewekewa amana akipatwa na maradhi ya kukhofiwa, yampasa airudishe kwa mwenyewe au wakili wake, akikosekana, kwa hakimu au mtu mwaminifu, au aiusie. Asipofanya, ameidhamini. Ni kweli kuwa kifo cha ghafula kina udhuru wake, kwani aliyegongwa njiani hakupata nafasi ya kuusia. Lakini huyu hakuwa na udhuru wa kuchanganya mali za watu wanne chini ya ufunguo mmoja pasipo idhini yao wala maandishi, na kwa kuchanganya huko dhamana imemwandama. Basi deni la mjomba na la rafiki hutolewa katika tarika yake kabla ya warithi kupata senti. Atauzwa ng'ombe, litauzwa shamba la alizeti. Marehemu alidhani siri ile ilikuwa yake, kumbe walioilipa ni mayatima.

Atasema mwenye kutetea: "Nikisema ninayo nitavamiwa. Na maneno yale akiyaona mtu mmoja tu, mali imekwenda." Hili ni neno la haki wala halifai kupuuzwa, maana kuhifadhi mali pia kumeamrishwa, na wako watu walioumizwa duniani kwa kujulikana tu kuwa wanayo. Basi hapa zimekutana wajibu mbili, kuficha na kudhihirisha, na mtu hudhani hana budi kuiacha moja. Kosa liko katika kuchanganya mambo mawili yaliyo mbali: kuwako kwa mali, na ufunguo wa mali. La kwanza halifichwi kwa wenye haki. La pili hufichwa, lakini huwekewa njia ya kupatikana. Mtu aweza kuandika katika wasia wake, mbele ya mashahidi wawili, kuwa ana mali ya namna hii, kiasi fulani ni chake na kiasi fulani ni cha fulani, bila ya kutaja neno hata moja la siri. Na maneno yenyewe akayaandika katika karatasi nyingine, iliyofungwa, penye mahali pengine, na wasi wake akajua ni wapi. Tena wenye kuitengeneza mali hii wameweka njia ya funguo tatu, ambazo zikikutana mbili mlango hufunguka. Moja akae nayo mwenyewe, moja kwa ndugu, moja kwa mtu mwaminifu asiye wa ukoo. Hapana mmoja wao awezaye kuiba peke yake, na akifa mmoja hakikupotea kitu.

Wengine hujisifu kuwa wameyahifadhi maneno moyoni na hawana haja ya karatasi. Walimu wa vyuo wajua jinsi mtoto aliyehifadhi juzuu nzima apotezavyo aya kwa kuacha kurudia miezi miwili. Sembuse maneno 24 yasiyofuatana kwa maana yoyote! Homa moja kali yatosha. Kampuni ya Chainalysis ilikadiria mwaka 2017 kuwa bitkoini zilizokwisha potea ni kati ya milioni 2.78 na milioni 3.79.

Wako na wanaokimbilia kuwawekea wengine, yaani maduka ya kubadilishia fedha ya mtandaoni, wakadhani wamestarehe. Duka la Mt. Gox la Tokyo lilifilisika Februari 2014, likasema limepoteza bitkoini kama 850,000, ingawa baadaye 200,000 zilionekana. Na la Canada lililoitwa QuadrigaCX lina funzo lake. Mwenyewe alifia India Desemba 2018, watu wakaambiwa kuwa funguo alikuwa nazo yeye peke yake. Mwaka 2020 wasimamizi wa masoko wa Ontario wakabainisha kuwa sehemu kubwa ya mali ilikuwa imekwisha kuliwa kwa hadaa wakati yu hai. Siri ya ufunguo mmoja humsitiri mwaminifu na mkhaini sawasawa, na watu hawajui walikuwa na yupi mpaka siku ya jeneza.

Huenda mtu akatoa hoja kwa kisa cha ukuta katika Surat al-Kahf, kuwa baba mwema aliwafichia wanawe hazina na Mwenyezi Mungu akawahifadhia. Ni kweli, lakini ukuta ule ulisimamishwa na Khidhri kwa amri ya Mola wake. Mwenye simu mfukoni na deni la mjomba hana ruhusa ya kuwaachia wanawe kazi ya kumngoja Khidhri.

Imebaki hali ya yule mjane. Huenda akaona katika daftari la mtoto maneno 11 yaliyopangwa, na la mwisho limeliwa na mchwa. Asikate tamaa wala asilitupe. Maneno haya hutolewa katika orodha moja ya maneno 2,048, kwa hiyo likipotea moja na mahali pake pajulikana, mashine huyajaribu yote kwa muda mfupi. Yakipotea mengi, ndipo matumaini hukatika. Lakini asimpe daftari lile kila ajaye na kusema, "Mama, lete nikusaidie," wala asilipige picha na kulipeleka kwa mtu asiyemjua, kwani atakayelikamilisha ndiye atakayeichukua. Na akae nalo mpaka msimamizi wa mirathi awepo, na ndugu wa marehemu, na mmoja wa wenye kudai, na kazi ifanywe mbele ya macho yao. Ujira wa fundi utajwe kabla ya kuanza, kwa njia ya ju'ala, kama alipwavyo mwenye kumrudisha mnyama aliyepotea: akiipata mali, amestahiki kilichotajwa, akishindwa, hana kitu.