Deni la Mwenye Taa

Katika miaka yetu hii twasikia mara nyingi watu wakisema habari za nishati safi. Maana yake yafahamika upesi: ni nguvu ipatikanayo pasipo kuchoma makaa wala mafuta, yaani nguvu ya maji, ya jua na ya upepo. Nasi tukaao katika nyanda za juu, toka Mbeya hata Iringa, tuna sababu ya kuifurahia, kwa kuwa maji mengi yazungushayo mitambo ya umeme ya nchi hii hutoka katika milima yetu. Walakini twataka kuuliza swali moja, wala si swali la wahandisi peke yao: je, nguvu isiyo na moshi ni safi kwa nani? Maana mtu aweza kunawa mikono yake ikatakata kabisa, na maji machafu akayamwaga mlangoni pa jirani.

Na tulitazame jambo lililotokea Kihansi. Mto Kihansi hukusanya maji yake katika nyanda za Mufindi na Kilolo, kisha huteremka katika korongo la milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro, mteremko upatao mita 850. Huko Shirika la Umeme, TANESCO, lilijenga bwawa na mitambo mitatu yenye nguvu ya megawati 180, nayo ikaanza kazi katika miaka ya 1999 na 2000. Bwawa lenyewe si kubwa, kwa maana nguvu yake hutoka katika kimo cha mteremko, wala si katika wingi wa maji yaliyowekwa akiba. Ukilinganisha na mabwawa yanayofunika bonde zima, kazi hii ilionekana kuwa haina madhara.

Lakini katika mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza, wataalamu walimkuta kando ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya manjano, asiyezidi sentimita 3, ambaye hajapata kuonekana mahali pengine po pote duniani. Hatagi mayai kama vyura wengine walivyo, bali huzaa watoto walio hai. Makao yake yote yalikuwa kama hekta 2 tu za majani yaliyoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipogeuzwa yaingie katika njia ya mitambo, sehemu kama tisa katika kumi za maji ya korongoni ziliondoka, na manyunyu nayo yakapungua mno.

Hapo ndipo taabu ya kutengeneza ilipoanza. Katika mwaka 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, wapate kutunzwa. Korongoni yakatandikwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya manyunyu yaliyopotea, na mradi wa kuyatunza mazingira ya Kihansi ukaanzishwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Mwanzo vyura waliongezeka. Kisha, katika mwaka 2003, wakapukutika ghafula, na ugonjwa wa ngozi uletwao na kuvu ulionekana kati yao. Katika mwaka 2009 wakaandikwa katika hesabu ya viumbe waliokwisha kutoweka porini. Wale wa ugenini ndio waliobaki kuwa mbegu. Katika mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika mwaka 2012 vyura wakaanza kuachiliwa tena korongoni kwao.

Wako waliocheka waliposikia habari hizi. Walisema, “Vyura wanapanda ndege, na mama anajifungulia gizani! Je, chura ni bora kuliko mtu?” Neno hili tusilidharau, kwa maana giza la zahanati ni jambo la kweli, na asiyepata kulijua asimhukumu anayeitaka taa. Nasi twasema wazi kwamba chura si bora kuliko mtu. Lakini twaona ya kuwa swali lenyewe limeulizwa vibaya. Hakuna aliyemweka mtu upande huu wa mizani na chura upande wa pili. Kilichopimwa ni fedha na megawati, naye chura hakuwamo katika mizani hata kidogo, kwa kuwa hakujulikana. Wahenga wetu wamesema, asiyekuwapo na lake halipo. Basi kosa la kwanza halikuwa kuchagua taa. Kosa lilikuwa kuanza kujenga kabla ya kuuliza ni nani akaaye hapo. Kama wangalitangulia kuuliza, huenda taa zingaliwaka vile vile, na maji ya kuwatosha vyura yangalipangwa mapema, pasipo gharama hii yote.

Tena tusidhani ya kuwa wasiokuwapo mizanini ni vyura peke yao. Tuutazame mto Ruaha Mkuu. Maji yake hutoka katika milima ya Mbeya na Kipengere, huingia katika tambarare ya Usangu na kinamasi cha Ihefu, hupita katika Hifadhi ya Ruaha, kisha hufika katika mabwawa ya Mtera na Kidatu, yenye mitambo ya megawati 80 na 204. Tangu mwaka 1993 mto huu umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi. Ugomvi ukawa mkubwa: wengine waliwalaumu wakulima wa mpunga wachukuao maji kwa mifereji, wengine waliwalaumu wenye ng'ombe. Katika mwaka 2006 serikali iliamuru wafugaji wengi waondoke Usangu pamoja na mifugo yao. Twakiri ya kuwa mto ulihitaji kutunzwa. Lakini ni nani aliyeambiwa alipe kwanza? Ni mwenye kuhamahama, asiye na hati ya ardhi.

Na hapa karibu zaidi yuko mkulima wa vinyungu. Wasomaji wetu wa Iringa wawajua watu hawa, huenda ndio wao wenyewe. Wakati wa kiangazi, milimani kukiwa kukavu, hulima mabondeni penye unyevu, wapate mahindi mabichi na mboga za kuwalisha watoto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu, au zinazoweza kudhuru kingo za mto, ndani ya mita 60. Sheria hii ina hekima, kwa maana chemchemi ikikauka, hata mwenye kinyungu hana kitu. Lakini mizani ya haki yataka tuulize na upande wa pili: yule anayeacha mita zake 60 ili taa ya mjini iwake, mwenye taa humpa nini? Akipewa onyo tu, basi tumefanya kwake kama ilivyofanywa Kihansi. Tumemhesabu kuwa hayupo.

Je, iko njia iliyo bora? Iko, nayo si ya kuota. Huko Mufindi, mtambo wa maji wa Mwenga, wenye nguvu ya megawati 4, ulianza kazi mwaka 2012, na umeme wake umefikishwa katika vijiji vya jirani. Mtu aonaye balbu ikiwaka nyumbani mwake hahitaji kuhubiriwa sana kwamba msitu wa juu usikatwe. Tena ziko jumuiya za watumiaji maji, zilizo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo ofisi yake kuu iko Iringa. Katika mikutano yao mtu wa juu na mtu wa chini huonana uso kwa uso, wakagawana zamu za maji. Kazi hii ni ya polepole, yenye maneno mengi. Lakini kila mwenye haki hupata nafasi ya kutajwa.

Kwa hiyo, ndugu, twaona ya kuwa usafi wa nguvu haupimwi kwa moshi peke yake. Nguvu ni safi pale ambapo waliopoteza kwa ajili yake waliulizwa kabla, na waliopata faida wakakubali kuchukua sehemu ya mzigo. Kila mwenye taa ana deni kwa maji, na kwa wote wakaao kando yake, wenye kusema na wasio na kauli. Dawa ya deni ni kulipa. Basi mkutano wa maji utakapoitwa kijijini kwenu, msiwaachie viongozi peke yao. Nendeni, mkaulize kwanza ni nani asiyekuwapo, nanyi mmsemee.